Mama Amerudi Kutoka Hospitali ya Wagonjwa wa Akili: Nani Atatembea Naye?



Leo umekuja kupima mtoto kilo, ao kumchanja, ao kupimwa mimba. Wakati unangojea kwenye benchi, soma somo hili. Kama hujui kusoma, omba mwenzako akusomee polepole. Leo hatusemi juu ya kuhara wala juu ya malaria. Tunasema juu ya mtu ambaye pengine yuko ndani ya nyumba yako: dada yako, binti yako, wifi yako, jirani yako. Pengine ni wewe mwenyewe. Mtu huyo aliugua akili, akapelekwa hospitali, akapata nafuu, na sasa amerudi nyumbani.

Neno kubwa la somo ni hili: hospitali inatuliza ugonjwa, lakini kupona kunaendelea nyumbani. Njia ya kurudi nyumbani ni ngumu kwa mtu peke yake. Na mtu anayeweza kumsaidia sana katika njia ile ni yule aliyeipita mbele yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitaanza na kosa langu, ili usifikiri ninakuja kukugombeza.

Nilikuwa mwuguzi kijana, kwenye kituo kimoja cha afya. Asubuhi moja mama mmoja alileta mtoto wa miezi minne kupima kilo. Mabenchi yalijaa wamama. Nilifungua karatasi yake, nikaona kwamba nyuma ya kuzaa alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri: «Ah, ni weye ulikuwa kule kwa wazimu? Sasa kichwa kimetulia?»

Benchi lote likanyamaza. Mama aliyekaa karibu naye akasogeza mtoto wake kando. Yule mama hakujibu. Alifunga mtoto mgongoni, akaenda, na hakurudi tena. Mtoto hakumaliza chanjo zake kwetu. Mama hakuchukua dawa zake. Nyuma ya miezi miwili nilisikia kwamba ameugua tena, na kwamba jamaa wamemfunga kamba.

Sikumpiga mama yule. Nilisema maneno tu. Lakini maneno yale yalimfungia mlango wa kituo. Tangu siku ile ninawaambia wanafunzi wa uuguzi: funga mlango kwanza, kisha uliza.

UGONJWA WA AKILI NI UGONJWA

Moyo unaugua, ini linaugua, na ubongo pia unaugua. Mgonjwa mmoja anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Mwingine anaamini kwamba watu wote wanamfuata ili wamuue. Mwingine anajaa nguvu kupita kiasi, halali usiku, anasema bila kupumzika, anagawa mali yake yote. Mwingine anajaa huzuni mpaka hawezi kuamka wala kunyonyesha.

Hapa kwetu Beni na Butembo akili za watu zimechoshwa sana. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 jamaa nyingi za upande wa Beni ziliona mauaji, zikaacha mashamba na nyumba. Mambo hayo yanaweza kuleta ugonjwa, ao kuuamsha. Lakini si kila mtu aliyeona vita anaugua akili, na si kila mgonjwa aliona vita.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ni wa wamama hasa. Kati ya wanawake 1000 wanaozaa, mmoja ao wawili wanapata ugonjwa mkali wa akili nyuma ya kuzaa, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Unakuja kwa haraka. Leo mama halali, kesho anasema maneno yasiyofuatana, kesho kutwa hamtambui mtoto wake. Ugonjwa huu hautoki kwa kuvunja mwiko. Hautoki kwa mkosi wa mtoto. Unatibiwa, na wamama wengi wanapona vizuri. Lakini unaweza kurudi kwenye uzazi unaofuata. Kwa hiyo mama aliyeupata aseme mapema, siku ya kwanza ya kupima mimba, ili waganga wajitayarishe pamoja naye.

AKIRUDI NYUMBANI ANAKUTA NINI?

Wagonjwa wetu wanatibiwa mahali mbalimbali. Wengine wanatibiwa karibu, kama kwenye CEPIMA hapa Butembo. Wengine walipelekwa mbali: Tulizo Letu kule Goma, SOSAME kule Bukavu, ao walivuka mpaka wa Kasindi, wakafika Butabika mjini Kampala. Siku ya kurudi jamaa wanafurahi. Wanachinja kuku, wanaomba, wanashukuru. Lakini nyuma ya juma moja?

Anakuta visu vimefichwa. Anakuta watoto wa jirani wamekatazwa kumkaribia. Shamba lake limelimwa na mtu mwingine. Akitaka kubeba mtoto wake, mama mkwe anamnyang'anya kwa upole. Akicheka sana, watu wanasema: «Inaanza tena.» Akinyamaza, wanasema: «Inaanza tena.» Akikasirika kwa sababu ya haki yake, wanasema: «Mwacheni, ni kichwa.» Kila mtu mwingine ana ruhusa ya kukasirika. Yeye hana.

Basi anaanza kujificha. Haendi sokoni, haendi kanisani. Anaona dawa kama alama ya haya, anazitupa. Miezi 3 ya kwanza nyuma ya kutoka hospitali ni miezi ya hatari kubwa. Katika miezi hiyo wengine wanaacha dawa na kuugua tena, na wengine wanafikiri kujiua. Ndiyo miezi ambayo hapaswi kuachwa peke yake.

TULIYOJIFUNZA WAKATI WA EBOLA

Hili tunalosema si jambo geni kwetu. Tumekwisha kuliona kwa macho.

Mnakumbuka tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ilianza kujulikana Mangina, karibu na Beni, ikafika Butembo na Katwa. Haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Lakini zaidi ya 1,100 walipona.

Waliopona walirudi nyumbani na karatasi ya kupona mkononi, na bado watu waliwaogopa. Kisha tuliona jambo la ajabu. Karibu na vituo vya matibabu, Beni na Butembo, palifunguliwa nyumba za kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Nani aliwalea? Wale waliopona. Miili yao ilikuwa na kinga ya ugonjwa ule, basi waliweza kubeba mtoto karibu na kifua. Na wengine waliingia kukaa na wagonjwa, wakawaambia: «Nilikuwa kwenye kitanda kama hiki. Angalia, niko mzima.» Daktari hakuweza kusema neno lile, kwa kuwa yeye hakulala kwenye kitanda kile. Yule aliyeogopwa jana akawa mtu wa kutafutwa.

Ugonjwa wa akili hauambukizi hata kidogo. Huupati kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja. Kama tuliweza kuwapokea waliopona Ebola wawe wasaidizi, tunashindwa nini na waliopona ugonjwa wa akili?

MWENZI WA NJIA

Tunamwita «mwenzi wa njia». Ni mtu aliyewahi kuugua akili, akatibiwa, akarudi nyumbani, akasimama tena, na sasa anatembea na mwingine anayerudi.

Jambo hili linafanyika hata kwa jirani zetu wa Uganda. Butabika ni hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ya nchi ile, ilifunguliwa mwaka 1955. Katika miaka ya 2010 hospitali hiyo ilianza kufundisha watu waliowahi kulazwa mle, ili wawasaidie wengine. Waliwazoea wagonjwa wangali kitandani, kisha wakawatembelea nyumbani nyuma ya kutoka. Walifanya kazi pamoja na wauguzi, si mahali pao. Mwaka 2018 Kampala na Dar es Salaam ziliingia katika kazi moja ya uchunguzi pamoja na miji ya Ujerumani, Uhindi na Israeli, ili kupima namna ya kufanya msaada huu vizuri. Basi si jambo la watu maskini waliokosa daktari tu. Hata nchi zenye madaktari wengi zinalitafuta.

Sikiliza namna linavyofanya kazi. Mama mmoja alirudi kutoka hospitali, hakutaka kusema na mtu. Tulimwomba mama mwingine, anayeuza unga sokoni, aliyepita njia ile ile miaka mingi mbele. Alikuja siku ya kwanza, na hakuuliza neno juu ya ugonjwa. Alikaa jikoni, akaanza kuchagua maharagi pamoja naye. Nyuma ya kitambo akasema:

«Na miye nilikuwaka kule. Mwanzo mikono yangu ilitetemeka, nilishindwa hata kushika kikombe. Yako inatetemeka?»

Mwenzake akaangalia mikono yake. Tangu asubuhi alikuwa ameificha ndani ya kitenge. «Inatetemeka,» akasema. «Nilifikiri ugonjwa unarudi.»

«Hapana, ni dawa. Usiziache. Tuende wote kwa muganga, anajua la kufanya. Na miye walinisaidia vile.»

Wakaja wote wawili. Dawa ilipunguzwa kidogo, mikono ikatulia. Mimi ningeweza kueleza jambo lile mara kumi, na mama yule angekubali kwa kichwa tu, kisha angetupa vidonge chooni. Alimwamini yule ambaye mikono yake ilitetemeka zamani na sasa inapima unga sokoni.

KAZI YA MWENZI WA NJIA

1. Anamtembelea mgonjwa mbele ya kutoka hospitali, kama hospitali iko karibu. Kama iko mbali, anafika katika juma la kwanza la kurudi.
2. Anamtembelea mara moja kila juma kwa miezi 3, mchana, wakati njia ni salama. Si lazima kukaa muda mrefu.
3. Anasikiliza. Anaeleza yaliyompata yeye, hamlazimishi mwenzake kueleza yake.
4. Anafuatana naye kwenye kituo, sokoni, shambani, kanisani, mpaka mwenzake azoee kwenda peke yake.
5. Anasema na jamaa wakikubali, awaeleze nini kilimsaidia na nini kilimwumiza.

Kuna mambo ambayo si kazi yake. Hatoi dawa, habadilishi dawa, wala hampi mwenzake vidonge vyake mwenyewe. Hapeleki habari za nyumba ile sokoni. Haombi malipo kwa mgonjwa. Na habebi mzigo peke yake: mwuguzi akutane naye mara moja kwa mwezi na kumwuliza: «Na wewe, unalala?» Kwa maana habari za mwenzako zinaweza kuamsha vidonda vyako.

Siri ina mpaka mmoja tu. Kama mwenzake anasema anataka kujiua ao kumwumiza mtoto, asinyamaze. Aite mtu wa kumsaidia siku ile ile.

NAMNA YA KUMTAFUTA

Usisimame kanisani ukatangaza: «Nani hapa aliwahi kuwa na wazimu?» Mwambie mwuguzi wa kituo kwa siri. Mwuguzi anajua nani anakuja kuchukua dawa kila mwezi na amesimama vizuri. Mwuguzi ndiye atamwuliza, na mtu yule ana haki ya kukataa. Mgonjwa pia ana haki ya kukataa ao ya kuchagua mwingine.

Chagueni mtu aliyetulia kwa muda wa mwaka hivi ao zaidi, anayefuata matibabu yake, anayejua kufunga kinywa. Mwanamke atembee na mwanamke. Kama hakuna mtu kama huyo karibu, mama mwenye moyo wa kusikiliza anaweza kuanza. Asidanganye tu kwamba anajua yote.

Wakifika watatu ao wane, wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi. Hawahitaji nyumba kubwa wala feza nyingi. Tumeona kikundi kinachoanza na kuchambua sombe pamoja, kisha kuzungumza, kisha kila mmoja anaweka franka kidogo kwa likelemba. Siku mmoja wao anapopokea fungu lake na kununua mbuzi, jirani wanaanza kumwita kwa jina lake tena, hawamwiti tena kwa ugonjwa wake.

JUU YA DAWA

Mtu akijisikia mzima asiache dawa. Mara nyingi ni mzima kwa sababu ya dawa. Kwa ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyo, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri kuendelea kwa muda wa angalau miezi 12 nyuma ya kutulia, hata kama ni mara ya kwanza kuugua. Wengine watahitaji miaka mingi. Muganga ndiye anapanga kupunguza, polepole.

Dawa kama Haldol na Largactil zinaweza kuleta usingizi, kutetemeka, shingo kukaza, mwili kuwa mzito. Usinyamaze, mwambie muganga. Kuna namna ya kusaidia.

Wewe unayeweza kupata mimba, kumbuka neno hili: dawa inayoitwa Dépakine inaweza kuharibu mtoto tumboni. Kama unaimeza, usiiache kwa ghafula, lakini uende upesi kumwuliza muganga akubadilishie, vizuri zaidi mbele ya mimba. Kama unanyonyesha, uliza pia. Dawa nyingi hazikatazi kunyonyesha.

Na maombi? Mchungaji aje, aombe, aimbe pamoja nanyi. Maombi na dawa havigombani. Lakini mtu asifungwe kamba wala mnyororo katika chumba cha maombi, asipigwe, asinyimwe chakula, asikatazwe dawa. Mambo hayo yanaongeza ugonjwa, na watu wamekufa kwa ajili yake.

MPELEKE KWENYE KITUO UPESI KAMA

– halali usiku mbili ao tatu zikifuatana;
– anakataa chakula, maji ao dawa;
– anasema na watu wasioonekana, ao anaogopa kila mtu;
– anasema anataka kufa, ao anagawa vitu vyake kama mtu anayeaga;
– anasema mtoto ni mbaya, ao kwamba mtoto afadhali afe.

Kwa dalili hizi mbili za mwisho usingojee asubuhi. Usimwache peke yake, wala usimwache peke yake na mtoto. Ondoa kamba, sumu ya panya na dawa za shamba.

MANENO

Usiseme: «Kichwa kimetulia?» Sema: «Karibu nyumbani. Tulikukosa.»
Usiseme: «Usifanye kazi, utaugua tena.» Sema: «Leo unaweza kutusaidia nini?»
Usiseme: «Lete mtoto hapa!» Sema: «Kaa karibu nami, tumwogeshe pamoja.»
Usiseme: «Ni yule wa wazimu.» Mwite mama wa mtoto wake, ao jina lake.

KWAKO WEWE ULIYERUDI

Mama, kama wewe ndiwe uliyerudi, soma tena kidogo. Huna deni la haya kwa mtu yeyote. Uliugua, ukatibiwa. Huhitaji kuwaeleza wote. Tafuta mmoja tu, umwambie mwuguzi: «Nataka mtu aliyepita njia hii.» Tutafunga mlango kwanza. Na siku moja, ukikwisha kusimama, tutakuja kukuuliza kama wewe unaweza kutembea na mwingine. Yale uliyoyapita yatakuwa msaada kwa mama fulani ambaye leo bado anaficha mikono yake ndani ya kitenge.

Mama yule niliyemtia haya mbele ya benchi, sikumwona tena. Kama anasomewa karatasi hii, ninamwomba anisamehe. Mlango wetu uko wazi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Mtu akirudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili katika mtaa wetu, tunamfanyia nini juma la kwanza? Na mwezi wa tatu?
2. Kwa nini mama anayeuza unga alisikiwa kuliko mwuguzi?
3. Mwenzi wa njia anaweza kufanya nini, na nini si kazi yake?
4. Ni dalili gani zinazotulazimisha kwenda kituoni usiku ule ule?
5. Ni neno gani moja utaacha kulisema tangu leo?